Pikapu ya Dizeli Ikigoma Kuwaka: Sikiliza Stata, Tazama Moshi

Gari la zamani likigoma kuwaka alfajiri, mzigo umeshapakiwa na mteja anasubiri sokoni, mkono wa dereva hurudi wenyewe kwenye funguo. Anapiga stata, anapiga tena, anapiga kwa muda mrefu zaidi, mpaka betri inalegea. Gari lililoamka na tatizo moja sasa lina mawili, na lile la kwanza halionekani tena kwa sababu la pili limelifunika. Kwa hiyo kabla ya lolote, toa mkono kwenye funguo. Stata ipigwe kwa sekunde kumi hivi, si zaidi, kisha ipumzike walau nusu dakika. Mkupuo mmoja unaosikilizwa vizuri utakueleza mengi kuliko ishirini ya hasira.

Nazungumza hasa na wenye Toyota Hilux za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L, yaani zile za sentimita za ujazo 2,446, 2,779 na 2,986. Ndizo zinazotoa viazi Njombe, zinazobeba samaki kutoka mialoni na kupeleka saruji kwenye viwanja visivyo na barabara. Wenye Isuzu na Nissan za rika hilo watakuta kanuni ni zilezile, ingawa vifaa vimekaa mahali tofauti. Uzuri wa injini hizi ni kwamba hazina kompyuta ya kuziruhusu kuwaka. Zinahitaji stata izunguke kwa kasi ya kutosha, dizeli ifike kwenye nozeli bila hewa, na ndani ya silinda kuwe na joto la kuichoma hiyo dizeli. Kimojawapo kikikosekana, gari haliwaki, na kila kimoja kina dalili yake inayosikika au kuonekana.

Nasisitiza dalili kwa sababu nimeona pampu nyingi zikifunguliwa bila sababu. Gari likigoma, pampu ya dizeli ndiyo hukamatwa kwanza. Inafunguliwa, inapelekwa kupimwa, inarudi na bili kubwa, na gari bado halijawaka, kwa sababu kosa lilikuwa hozi ya shilingi chache iliyopasuka au waya uliochomoka. Mwenye pikapu ya kazi hana fedha za kubahatisha hivyo. Siku ambayo gari limelala ni siku ambayo nyumba haijaingiza kitu.

Anza na sauti. Weka gia niutro, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa, msimamishe mtu pembeni anapoweza kuziona, kisha piga stata. Taa zikizimika kabisa au kubaki nyekundu kama kaa, na ukasikia mlio wa haraka wa tak-tak-tak, betri imeisha au terminali zimelegea. Usikimbilie kununua betri. Shika kila terminali kwa mkono uizungushe. Ikicheza, umeshapata kosa. Ikiwa na ule unga mweupe au wa kijani, ifungue ukianza na hasi, mwagia maji ya moto, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kisha funga ukimalizia na hasi. Kama una mita, betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12 imebaki na nguvu kidogo sana, na ikishuka chini ya 9.5 wakati stata inazunguka, hata ukiibusti leo itakuangusha tena kesho.

Kuna ugonjwa unaowasumbua sana watu wa pwani, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu ya chumvi iliyo hewani: ethi iliyooza. Waya mnene wa hasi unatoka kwenye betri kwenda kwenye injini na chasisi, na pale unapofungwa na nati kutu hula polepole chini ya rangi na grisi. Kwa nje panaonekana pazima. Pima hivi: mguso mmoja wa mita uweke kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu apige stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Watu wamebadilisha betri na stata, vyote viwili, kwa kosa linalotibika kwa spana na brashi ya waya.

Hali nyingine ni taa kufifia kidogo tu, ukasikia "tak" moja nzito, halafu kimya. Ukijaribu tena pengine stata inazunguka. Mara ya tano inakataa tena. Hapo stata ndiyo inayozungumza, na mara nyingi si stata nzima. Ondoa kwanza terminali ya hasi kwenye betri, maana ule waya mnene unaokwenda kwenye stata una umeme muda wote na hauna huruma ukigusana na bodi. Stata ikishashuka, fungua kile kifuniko cha duara nyuma ya solenoidi. Ndani utakuta vipande viwili vya shaba, na kati yake fimbo yenye sahani ya shaba inayokuja kuviunganisha. Kitazame kila kimoja. Kipande kizima ni kinene na bapa. Kilichokwisha kimeliwa upande mmoja, kina bonde jeusi, na sahani haikifikii tena ila kwa bahati. Vipande hivyo vinauzwa peke yake kwenye maduka ya spea, kwa sehemu ndogo sana ya bei ya stata. Fundi akikwambia "bosi, stata imekufa," mwombe akufungulie kifuniko hicho uone.

Taa zikibaki kali na hakuna hata mlio, basi umeme wa kuiita stata hauifikii. Kosa liko kwenye fyuzi, rilei, swichi ya funguo, au ule waya mwembamba unaochomekwa kwenye solenoidi, ambao kwenye gari la miaka thelathini huchomoka au kuungua kwa joto la ekzosi. Hiyo ni kazi ya taa ya testa na subira, na fundi waya mzuri haimchukui muda mrefu.

Sasa tuseme stata inazunguka vizuri, kwa kasi yake ya siku zote, lakini injini haishiki. Hapa ndipo watu hupotea, na hapa ndipo jawabu limekaa wazi kabisa nyuma ya gari. Mtu asimame karibu na bomba la ekzosi wakati unapiga stata, aangalie moshi.

Kama hakuna moshi wowote, hata ule mwembamba, dizeli haiingii kwenye silinda. Usibabaike na plagi za hita wala mkandamizo. Hakuna kinachoungua kwa sababu hakuna cha kuungua. Kwanza hakikisha tangi lina mafuta, maana geji za pikapu hizi zilizozeeka hudanganya. Kisha nenda kwenye pampu. Nyuma yake, karibu na zinapotokea paipu nne za nozeli, kuna kisolenoidi kidogo chenye waya mmoja. Kazi yake ni kufungua mlango wa dizeli unapowasha swichi na kuufunga unapozima. Washa swichi bila kupiga stata, uchomoe waya huo na uurudishe: unapaswa kusikia "tik" ndogo, au kuihisi kwa kidole. Usipoisikia, chukua waya mwingine kutoka chanya ya betri ugusishe hapo. Ikilia sasa, kisolenoidi ni kizima, na kosa ni fyuzi au waya. Isipolia bado, kimekufa, na ni kifaa kidogo kinachofunguka bila kuigusa pampu. Mafundi wengine hutoa ile pini ya ndani ili gari liwake liende zake. Sikubaliani nao. Gari hilo halizimiki tena kwa funguo, na siku dizeli inapomwagika au moto unapozuka utatamani sana lizimike.

Kisolenoidi kikiwa kizima, tafuta hewa. Juu ya filta ya dizeli kuna kitufe cha kusukumwa kwa kiganja, ile pampu ya mkono. Isukume. Baada ya mara kadhaa inapaswa kuwa ngumu. Ikibaki laini hata ukiisukuma sana, inavuta hewa mahali fulani, au mpira wake wa ndani umechanika, jambo la kawaida kwa umri huu. Legeza nati ya paipu kwenye nozeli moja, spana namba 17, nusu mzunguko tu, uso wako ukiwa mbali, mtu apige stata. Dizeli safi inatoka kwa mapigo, pwi, pwi, pwi. Ikitoka povu, ni hewa. Isipotoka kitu, mafuta hayajafika. Tafadhali shika hili: njia hii ni ya injini za zamani peke yake. Hilux zenye maandishi D-4D zina shinikizo linalozidi baa elfu moja kwenye paipu zake, na dizeli kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Huko usilegeze nati yoyote.

Kabla pampu haijashushwa, kuna jaribio moja ambalo naomba ulidai. Chukua dumu safi la dizeli, liweke juu ya usawa wa injini, na kwa hozi mpya inayopitisha mwanga lipeleke moja kwa moja kwenye mlango wa kuingilia pampu, ukiruka tangi, mabomba na filta. Hozi ya kurudisha mafuta nayo iingize kwenye dumu hilohilo. Toa hewa kwa kulegeza nati za nozeli, piga stata. Gari likiwaka na kutulia, pampu haina kosa. Tatizo liko nyuma: filta imeziba, kichujio ndani ya tangi kimejaa matope, au bomba la chuma chini ya chasisi limetoboka kwa kutu na kuvuta hewa bila kuvuja hata tone. Na ukiitazama ile hozi yenye mwanga kwa dakika moja injini ikiunguruma, utaona kama vipovu vinapita. Dizeli nzima hupita kama kioo cha manjano. Vipovu vikiendelea kutoka kwenye hozi ya kurudisha mafuta hata pale unapotumia dumu, basi pengine hewa inaingia kwenye pampu yenyewe, kwenye sili au oringi zake, na sasa una ushahidi wa kuishusha.

Moshi mweupe mzito wenye harufu kali ya dizeli ni hadithi nyingine. Dizeli inaingia, lakini inatoka mbichi. Injini hizi hudunga dizeli kwenye chumba kidogo kilicho pembeni ya silinda, na chumba hicho kikiwa baridi hunyonya joto lote la hewa iliyobanwa. Ndiyo maana Hilux inayowaka kwa nusu mzunguko Morogoro inahangaika kwenye baridi ya Makete au Kinangop mwezi wa Julai. Plagi za hita zipo kwa ajili hiyo. Kuzijaribu ni rahisi: toa kile kibamba cha chuma kinachoziunganisha zote nne, maana ukikiacha kitakuonyesha zote kama moja. Funga taa ya testa kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika; isipowaka, hiyo imekufa. Zikiwa mbili zimekufa, asubuhi ya baridi utahangaika. Ukienda dukani beba ya zamani mkononi na usome volti zilizoandikwa juu yake, kwa kuwa si zote ni za volti 12, na isiyofaa huungua ndani ya siku chache. Plagi zote zikiwa nzima, pima kama umeme unafika kwenye kibamba unapowasha swichi. Rilei yake hufa kimyakimya na lawama hubebeshwa plagi.

Wapo wanaotatua baridi kwa kuweka kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa chujio la hewa, au kupuliza dawa ya kuwashia ya kopo. Nawasihi waache. Mvuke huo hulipuka kabla pistoni haijafika juu, na ukikutana na plagi ya hita iliyowaka nyekundu hulipuka mapema zaidi. Injini huwaka siku hiyo kwa kelele mbaya. Pete na pistoni ndizo zinazolipa.

Moshi mweupe ukiendelea ingawa plagi ni nzima, fikiria mkandamizo. Je, injini inakula oili? Je, huwaka kwa kusukumwa tu na ikishawaka inatoa moshi wa bluu? Omba ipimwe kwa geji. Kwa injini hizi, kiwango cha chini kinachokubalika ni kama kilo 20 kwa sentimita ya mraba, na silinda zisipishane kwa zaidi ya kilo 5. Hapo hakuna njia ya mkato. Ni kufungua injini, na ni heri ujue hivyo kabla hujatumia fedha kwenye nozeli.

Gari linalowaka vizuri asubuhi, likazimwa sokoni likiwa la moto na kukataa kabisa hadi lipoe, linastahili maelezo yake. Hili mara nyingi ndilo kosa la pampu kweli. Ndani yake kuna pistoni ndogo iliyochongwa kukaa karibu mno na nyumba yake. Ikilika, dizeli nyepesi ya moto hupenya pembeni na shinikizo halipatikani. Chukua kitambaa, kiloweshe maji ya baridi, kifunike kwenye kichwa cha pampu kwa dakika kadhaa. Usimwage ndoo ya maji, chuma cha moto hukaza ghafla. Gari likiwaka baada ya hapo, umepata jibu. Na mara nyingi kilichoila pampu hiyo ni mafuta ya taa. Pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, na mafuta ya taa ni makavu. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili uchakachuaji usilipe; nchini Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyohiyo. Dizeli ya dumu la barabarani iliyo rahisi kupita kiasi inanunuliwa mara mbili, kwa muuzaji na kwa fundi wa pampu.

Zipo hali mbili ambazo stata haitakiwi kupigwa tena hata mara moja. Ya kwanza ni pale stata inapozunguka kwa kasi na ulaini usio wa kawaida, bila yale mapigo ya kubana. Fungua kifuniko cha oili juu ya injini, chungulia, mtu aguse funguo kidogo tu. Ukiona shafti ya juu haizunguki, mkanda wa taimingi umekatika, na kila mzunguko wa ziada unaweza kugonganisha valvu na pistoni. Mkanda huo kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa gari lililonunuliwa mkononi bila kumbukumbu, ubadilishe kabla ya safari ya kwanza ndefu.

Ya pili ni maji. Pikapu iliyopita kwenye mafuriko, tuseme Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika, ikazimika humo, pengine imevuta maji kupitia chujio la hewa. Maji hayabanwi. Ukipiga stata, pistoni inagonga ukuta wa maji na fimbo yake inapinda. Vivyo hivyo gari ambalo maji ya rejeta yamekuwa yakipungua bila kuvuja, na asubuhi stata inagota "ngu" na kusimama. Fungua plagi za hita zote nne kwanza, ndipo uzungushe injini taratibu, uone kinachoruka kutoka kwenye matundu.

Kwa wenye pikapu za petroli za kabureta niseme kwa kifupi. Fungua plagi moja baada ya kupiga stata. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika na unachokosa ni moto: angalia koili, kifuniko cha distribyuta kilichopasuka au kuingia unyevu, na plagi zenyewe. Ikiwa kavu, tafuta petroli, kuanzia pampu ya mafuta hadi sindano ya kabureta.

Ukilazimika kumwita fundi, mweleze ulichoona badala ya unachodhani. "Fundi, stata inazunguka vizuri, moshi hautoki, solenoidi ya pampu inalia" ni sentensi inayookoa nusu ya kazi yake na sehemu kubwa ya fedha zako. Na kabla hajagusa pampu, mwambie kwa heshima: "Naomba kwanza unionyeshe kama dizeli inafika hapa." Fundi anayejua kazi yake atafurahi kumpata mteja wa namna hiyo.

Likiwaka, usiondoke papo hapo. Kaza nati zote ulizolegeza, zifute, kisha pitisha karatasi kavu chini ya kila moja uone kama inalowa. Weka mita kwenye betri: injini ikiunguruma isome kati ya volti 13.8 na 14.5, la sivyo altaneta haichaji na betri itakuacha njiani kabla ya jioni. Liache lipate moto wa kawaida, lizime, uliwashe tena hapohapo nyumbani. Likiwaka mara hiyo ya pili bila kusitasita, pakia mzigo.